Pauni 45 kila mtu kwenda Brownsea kuona kindi, tukaambulia spika na mkia mmoja

Wakuu, nimejizuia siku tatu nisiandike nikiwa na hasira. Hasira haijaisha, acha niandike tu.

Jumamosi iliyopita tulitoka London basi zima, familia za Afrika Mashariki, kwenda kisiwa cha Brownsea kilichoko ndani ya bandari ya Poole, Dorset. Kwenye grupu la WhatsApp safari iliuzwa kama "siku nzima ya wanyamapori". Mtu mzima pauni 45, mtoto 30. Mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka tisa: 120. Mratibu simtaji jina, anajijua.

Kilichotupeleka ni kindi wekundu. Hawa mnaowaona kwenye bustani za London ni wa kijivu, uzao wa walioletwa kutoka Marekani karne ya 19. Wa kijivu hubeba virusi vya ndui ambavyo yeye havimsumbui, lakini mwekundu akivipata anakufa. Brownsea maji yamewazuia wa kijivu wasivuke, ndiyo maana wekundu kama 200 hivi bado wapo. Na Oktoba ndio mwezi wao: mbegu zinadondoka, wanashuka chini kufukia akiba ya majira ya baridi, unawaona hatua chache kutoka njiani. Mradi uwahi asubuhi na unyamaze.

Basi lilikuwa liondoke saa moja. Liliondoka saa nne kasoro kwa sababu mratibu alikuwa anamngoja binamu yake! Watoto wamekaa kwenye baridi kando ya barabara, yeye hapokei simu. Tunakanyaga kisiwa saa nane mchana, na boti yetu ya kurudi ni saa kumi na nusu. Siku nzima gani hiyo?

Halafu akatoa spika. Chini ya misonobari, pale pale walipo kindi, muziki mpaka mwisho. Sina ugomvi na chapati wala nyama, tule tushibe, ila mkesha wa harusi una mahali pake. Kindi mmoja alipojitokeza, vijana wake wakamkimbilia na simu, wakimrushia krispi. Binti yangu aliona mkia ukipanda mti. Basi. Na watu wajue kwamba mwaka 2016 watafiti walitangaza kuwa kindi wa kisiwa kile wana vijidudu vya ukoma. Hatari kwa binadamu ni ndogo, lakini mwongozaji makini angetuambia tusiwasogelee wala kuwalisha. Huyu hata habari hana.

Kwenye kibanda cha kutazamia ndege kando ya ziwa la maji chumvi ndipo nilipotamani ardhi ipasuke. Watu wamekaa kimya na darubini zao, nje kuna wale ndege weupe wenye midomo kama miiko. Kundi letu likaingia kwa vicheko na spika mkononi. Bibi mmoja mzee alifunga darubini yake akatoka bila neno.

Kuna na langu binafsi. Mzee wangu alikuwa skauti Nyeri, mji alikozikwa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, mwaka 1941. Kambi yake ya kwanza kabisa ya skauti, Agosti 1907, ilifanyika Brownsea, na lipo jiwe la kumbukumbu. Nilimwahidi mzee picha ya jiwe lile. Hatukufika, muda uliishia kwenye foleni ya boti na muziki.

Nilipomwambia mratibu, alinijibu mbele ya mke wangu, "Kaka, wewe una stresi." Usiku akaniondoa kwenye grupu.

Nataka nusu ya pesa yangu, pauni 60, na wengine mliokuwemo ndani ya basi lile semeni hapa hapa. Ila kilichonifanya nifungue uzi leo ni tangazo lake jipya nililotumiwa na rafiki: Novemba anapeleka watu Donna Nook, Lincolnshire, kuona sili, wale wanyama wa baharini, wakizaa ufukweni. Sili akishtuliwa sana anaweza kumtelekeza mtoto wake mchangani, na mtoto asiponyonya anakufa. Mtu huyu na spika yake asifike pale. Kama umeshamlipa, mdai pesa yako leo.