Fonti: ni jina la mwandiko au ni faili?

Mhariri_Mpya: Wakuu, naandaa kijitabu. Nimemwambia mchapaji fonti ni Garamond, kajibu: "Hilo jina tu, nitumie fonti zote nne." Nne zipi? Na neno lenyewe limetoka wapi?

Kalibu: Mchapaji yuko sahihi, tena kwa maana ya zamani. Asili ni Kifaransa, *fonte*, kutoka kitenzi *fondre*, kuyeyusha. Herufi za kuchapia zilikuwa za madini yaliyomiminwa kwenye kalibu: risasi kwa kuwa huyeyuka upesi, antimoni ya kuipa ugumu isibonyee chini ya mashine, na bati ili madini yajae hadi kwenye ncha nyembamba. Fonti ilikuwa seti nzima ya mwandiko mmoja, saizi moja, mtindo mmoja. Chukua mwandiko uitwao Caslon: wa saizi ya pointi 12 fonti moja, wa pointi 14 nyingine, wa mlazo (italiki, herufi zilizoinama) nyingine tena. Idadi ya kila herufi ilifuata matumizi, kwa hiyo seti ya Kiingereza ilijaa *e*. Panga Kiswahili kwa seti hiyo uone: *a* ndizo za kwanza kuisha.

Pointi72: Kompyuta ndiyo iliyovuruga. Macintosh ya 1984 iliweka majina ya miandiko kwenye menyu ya "Font", watu wakazoea hivyo. Siku hizi faili moja hukuzwa kwa saizi yoyote, kwa hiyo saizi imetoka kwenye maana, mtindo umebaki. Nne zako ni ya kawaida, ya mlazo, nene, na nene ya mlazo. Ukituma ya kawaida peke yake, programu itaghushi zilizobaki: itanenepesha kingo na kuinamisha herufi. Tazama *a* utaigundua. Kwenye Garamond, *a* ya mlazo halisi haina kile kikono cha juu. Ya bandia ni ileile ya kawaida, imeegemea tu.

Mhariri_Mpya: Nikituma PDF je?

Pointi72: Hapo fonti hazihitajiki, mradi zimepachikwa ndani. Fungua kwa Adobe Reader, bonyeza Ctrl+D, nenda kichupo cha "Fonts". Kila jina liwe na "Embedded" (imepachikwa) au "Embedded Subset" (zimepachikwa herufi zilizotumika tu). Lisilo nalo, mashine isiyo na fonti hiyo itaweka mwandiko mwingine: mistari haihami, ila herufi zinabanana au zinaachana.

Kalibu: Na angalia leseni. Kuna fonti ambazo mwenyewe kazizuia kupachikwa, na programu inayoheshimu katazo hilo haitazipachika kwenye PDF.