Naomba ushauri: nibebe kazi gani ya kufuma kwenye basi la masaa 14?

Tumaini_K (mleta mada)
Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Alhamisi nasafiri kwa basi, masaa 14, na mimi kukaa mikono mitupu siwezi. Nataka nibebe kazi moja tu. Nina uzi wa soksi gramu 100, nina uzi mnene wa kofia, na kuna shali nimeshaianza. Begi langu la mkononi ni dogo. Kipi kinafaa? Naombeni mnijibu mapema, nina wasiwasi kidogo, sitaki nikosee.

MamaSoksi
Soksi, mwanangu, wala usiumize kichwa. Gramu 100 zinatoa jozi nzima ya mtu mzima na zote zinaenea mfukoni. Lakini usianzie ndani ya gari! Anzisha vitanzi 64 nyumbani, mezani, kwenye mwanga. Mwanzoni ndipo vitanzi hujipinda kwenye sindano, na ukishaunganisha mzunguko uliojipinda hakuna dawa ila kufumua wote. Fuma ukingo ufike sentimita tatu, ndipo uondoke. Baada ya hapo basi likirushwa na tuta unaacha palepale, unatazama nje, unarudi, unaendelea. Kisigino tu ndicho kinachotaka macho. Mimi cha kwangu hukisubirisha mpaka gari lisimame.

FundiMianzi
Naunga mkono soksi, ila angalia sindano. Zamani nilikuwa natumia zile tano fupi zenye ncha pande mbili. Siku moja dereva akakanyaga breki, moja ikachomoka na kubingirika mpaka mbele. Nilitambaa kati ya viti naomba radhi kila hatua, nikaikuta chini ya kiti cha mzee mmoja amelala, kiatu chake kiko juu yake. Ilikuwa ya mianzi, ikawa imevunjika. Tangu siku hiyo natumia sindano ya mviringo yenye waya mrefu, sentimita 80 au 100. Unavuta waya utokeze pembeni, soksi inazunguka vizuri tu. Ncha zote mbili ziko kwenye waya mmoja, hakuna cha kudondoka.

RubaniWaUzi
Hakikisha usalama wa uwanja wa ndege kwanza. Marekani sindano za kufumia zinaruhusiwa ndani ya ndege, na mkasi pia kama ni chini ya inchi 4 kuanzia kwenye kiungo. Ila kile kikata uzi cha duara cha kuvaa shingoni, chenye wembe ndani, hapana, kinakwenda na mzigo wa chini. Na neno la mwisho ni la afisa uliyemkuta pale. Mimi hubeba kikata kucha, kinakata uzi safi na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Tumaini_K
Asanteni sana. Mkuu Rubani, naenda kwa basi, ila nimelitunza. Shikamoo MamaSoksi, nimekuelewa. Sasa mbona shali hamjaisemea? Ni nyepesi kuliko vyote, ukiikunja inakaa kiganjani. Si ndiyo ingefaa zaidi?

BongeLaUzi
Dada, mwanzo umeuliza vitu vitatu, sasa unauliza kimoja. Shali gani? Ya nani? Inatakiwa lini?

Tumaini_K
Ni shali tu ya pembetatu. Uzi mwembamba.

BongeLaUzi
Mwembamba kiasi gani? Na hujajibu inatakiwa lini.

Tumaini_K
Haya. Ni ya lesi, uzi wa mohea (manyoya ya mbuzi wa Angora) na hariri. Ni ya mdogo wangu, anaolewa Jumamosi ya wiki inayofuata, na huko ndiko ninakokwenda. Hakuniomba, nilimwahidi mwenyewe. Inaanzia shingoni katikati kwa vitanzi 7, inaongezeka vinne kila mistari miwili, mpaka mstari wa 200. Nimemaliza wa 100, sindanoni nina 203. Maana yake niko nusu. Nikipata masaa 14 bila simu wala wageni, nusu nyingine inaisha. Nimeshaipakia, soksi nimezirudisha kabatini. Nilitaka tu mtu aniambie sijakosea.

MamaSoksi
Mwanangu! Mohea ndani ya basi? Ule uzi una manyoya yanayoshikana. Kitanzi kikikuponyoka hukioni, na ukivuta kufumua unakatika. Ahadi ni deni, lakini deni halilipwi gizani. Mimi nilimfumia mwanangu wa kwanza blanketi la lesi, nikawa nafuma kila nilipopata upenyo, jikoni, foleni ya kliniki, popote. Mpaka leo nikilikunjua naona palepale nilipokuwa nimesinzia. Yeye haoni, ana watoto wake sasa wanalilalia. Mimi naona.

NyuziNaNyimbo
Mimi nakwambia beba kofia, inaisha njiani na unashuka umeivaa. Mambo ya harusi mtajua mkifika 😄

HesabuZaUsiku
Tumaini, hilo la nusu ndilo lililonitoa usingizini. Shali ya namna hii mistari yake inarefuka kila ukienda. Mstari wa kwanza una vitanzi kama 7, wa mwisho unazidi 400. Nimejumlisha: mistari 100 ya mwanzo ni kama vitanzi 10,700. Mia ya pili ni kama 30,700. Uko robo, hauko nusu. Na lesi, kwa mkono uliozoea, tuseme vitanzi 20 kwa dakika ukikaa vizuri. Hiyo ni zaidi ya masaa 25 bila kunyanyua kichwa. Bado haijaloweshwa, haijabanwa kwa pini ikanyooka, haijakauka. Siku nzima nyingine hiyo, na lesi isiyonyooshwa huonekana kama kitambaa kilichojikunyata.

Tumaini_K
Najua inarefuka. Lakini mimi nina kasi. Na nimeshamwambia itamfika kwenye viwiko, siwezi kumpelekea kitu kidogo. Nitafuma na usiku.

Msakanyoya
Wakuu, hii ni chai. Alianza na "nina uzi wa kofia", akaja na shali, sasa bibi harusi. Na tazameni namba zake. Ukianza na 7, ukaongeza vinne kila mistari miwili, mstari wa 100 ukiisha unakuwa na 207. Yeye kasema 203. Mtu mwenye kazi mkononi hakosei hapo. Tunapoteza usiku kumshauri mtu ambaye shali yake haipo.

NyuziNaNyimbo
Duh. Nipo hapa nasubiri.

FundiMianzi
Msakanyoya, taratibu. Watu huhesabu vibaya, hasa vitanzi vya mohea.

BongeLaUzi
Amekaa kimya saa nzima sasa.

Tumaini_K
Nimerudi. Samahani, nilikuwa nahesabu. Nimehesabu mara tatu, nimeweka alama kila vitanzi 20. Ni 203. Msakanyoya yuko sahihi, inatakiwa 207. Nimewasha taa ya mezani nikaifuata shali mgongoni, pale kwenye kitanzi cha katikati. Kila mstari wa mbele unaacha tundu kushoto na tundu kulia, yanashuka kama ngazi. Mstari wa 99 hauna. Pembeni pia hauna. Niliufuma wote jana usiku bila kuongeza hata kimoja, nikarudi na wa 100 juu yake, nikalala nimefurahi kwamba nimefika nusu.
Sikuwadanganya. Niliogopa tu kusema ni ya harusi, nilijua mtaniambia nisiibebe.

Msakanyoya
Dada yangu, nakuomba radhi, na namaanisha. Anayetunga angepiga hesabu ikatoka 207. Kosa la vitanzi vinne haswa, mstari mmoja mzima wa kuongeza, hilo haliji ila kwa mtu aliyefuma amechoka. Sasa sikia: usichomoe sindano ukavuta uzi. Rudi kitanzi kimoja kimoja, mistari miwili tu, ni vitanzi 406. Ukifika kwenye wa 98, chukua uzi laini wa pamba wa rangi nyingine, uupitishe kwa sindano ya kushonea ndani ya vitanzi vyote. Ukikosea tena huko mbele, unafumua mpaka kwenye ule uzi na hakiponyoki kitu. Rudia hivyo kila mistari kumi.

HesabuZaUsiku
Na jambo moja ambalo ningelisema mapema badala ya kukutisha. Shali inayoanzia shingoni haina mstari wa lazima wa kuishia. Mchoro unarudia, unaweza kufunga popote rudio linapokamilika. Ukiishia mstari wa 140 unabakiwa na kama vitanzi 9,900, ambavyo ni masaa nane na kidogo. Lesi ikiloweshwa na kuvutwa inatanuka sana. Una siku tisa, na huko si kuna meza?

Tumaini_K
Meza ipo. Lakini viwiko?

MamaSoksi
Mwanangu, mabega yatafunikwa. Unamvalisha wewe mwenyewe?

Tumaini_K
Ndiyo mama. Aliniomba hilo.

MamaSoksi
Basi.

Tumaini_K
Saa saba usiku. Mstari wa 100 nimeurudisha wote, wa 99 nimefika kwenye kitanzi cha katikati. Mikono inatetemeka lakini hakijaponyoka hata kimoja. Uzi wa pamba wa bluu nimeuweka pembeni. Shali itakwenda ndani ya foronya, chini kabisa ya begi kubwa, kwenye basi sitaigusa. Soksi nimezitoa kabatini. Vitanzi 64, sindano ya mviringo ya mbao.

MamaSoksi
Havijajipinda?

Tumaini_K
Nimevitazama mara mbili.

MamaSoksi
Mpaka Alhamisi nataka ukingo uwe sentimita tatu.