Nimeambiwa nizime "rimoti ya king'amuzi" mbele ya ndege nzima. Ni GPS ile!!!

Mpima_Mipaka (mwanzisha uzi)

Wakuu nimeshuka sasa hivi, hata begi sijachukua, naandika nimesimama hapa kwenye mkanda wa mabegi na mikono inatetemeka, nisipolitoa hili ntapasuka.

Yule dada mhudumu wa ndege. Wasafiri wa Dar–Mwanza ya asubuhi mnamjua, wala sina haja ya kutaja, yule anayegawa juisi kama anagawa mirathi ya baba yake mzazi. Leo kanifikia mimi.

Nimeamka saa tisa usiku ili niwahi nipate dirisha la upande wa kulia. Sio dirisha la kupigia picha mawingu, hapana. Mwili wa ndege ni alumini, mawimbi ya setilaiti hayapenyi, ukikaa kiti cha katikati GPS inatafuta weee mpaka betri inaisha. Ukiiegesha kwenye kioo cha dirisha ndo inashika, na inahitaji setilaiti nne kwa pamoja ndo ikupe na urefu wa kwenda juu. Mi nina GPS ya Garmin ya anga, ile ya marubani wa ndege ndogo, nimeinunua mtumba kwa hela niliyodunduliza mwaka mzima. Inaonyesha spidi ya ardhini, inaonyesha uwanja wa ndege ulio karibu, ukipita usawa wa Dodoma inakuandikia HTDO, herufi za uwanja wa pale, ukikaribia Mwanza HTMW. Kila safari naweka mstari wa njia tuliyopita. Nina mistari ya miaka sita humo.

Sasa tuko juu, futi 36,000 kwa tangazo la kapteni, spidi noti 440 (yaani maili za baharini 440 kwa saa), Kondoa tumeiacha, Ziwa Eyasi liko kulia linang'aa kama bati jipya, zimebaki kilomita kama 280. Nangojea kitu kimoja tu, pale ndege inapoanza kushuka, maana kwa urefu ule marubani wanaanza kushuka maili mia moja hivi kabla ya uwanja. Zimebaki dakika sita, saba. Nimetoa macho kwenye skrini kama nasubiri matokeo ya mtihani wa mwanangu.

Ndo nasikia juu ya kichwa changu, kwa sauti ya mnadani: "MZEE, ZIMA HIYO RIMOTI YA KING'AMUZI."

Rimoti. Ya king'amuzi.

Ndege nzima ikacheka. Nzima wakuu! Mpaka jamaa aliyelala tangu Dar akaamka kucheka. Kuna mtoto nyuma yangu anamuuliza mama yake "mama, TV iko wapi?" Nina miaka 39, mzee wa nani mimi?? Nikamwambia dada hii ni GPS, haitumi chochote, inapokea tu. Hakuniangalia hata usoni, kanyoosha kidole, "nimesema zima". Kiti cha mbele yangu kijana ana simu, yule wa pembeni ana tableti anaangalia muvi ya Kikorea, hakuna aliyeguswa. Rimoti ya king'amuzi tu ndo itaangusha ndege.

Nikazima. Mstari umekatika pale kusini ya Eyasi. Miaka sita sijawahi kukatwa mstari. Nimewasha tena baada ya kushuka, imeniunganishia mstari ulionyooka kama rula kutoka Eyasi mpaka hapa niliposimama, kana kwamba nimerushwa na manati.

Rimoti!!!

---

Kiti_cha_Nyuma

Mkuu pole lakini kifurushi umelipia? 🤣🤣🤣 Maana isijekuwa dada wa watu alitaka tu kukuokoa na "huna salio".

---

Binti wa Kirumba

Jamani mbona mnamcheka kaka wa watu. Pole kaka. Yule dada namjua mwenye hiyo sauti, mi aliwahi kuniambia "mama funga mtoto" kama mtoto ni mbuzi.

---

Mpima_Mipaka

Asante dada yangu. Ndo huyo huyo!! Angeniambia tu "kaka naomba uzime kifaa chako", ningezima na shukrani juu. Sio kuzima kunakoniuma. Ni RIMOTI YA KING'AMUZI, mbele za watu, na kile kidole.

---

Fundi wa Hanga

Nakaa na ndege kila siku kwa hiyo niseme kidogo, mtanisamehe kwa urefu.

Hoja ya "inapokea tu" isahau mkuu. Redio ndogo ya FM nayo inapokea tu, na ndo iliyoanzisha balaa lote hili zamani. Redio ile ndani yake inatengeneza mawimbi yake yenyewe ili iweze kunasa stesheni, na inayatengeneza juu ya stesheni kwa megahezi 10.7. Chukua stesheni ya 98.3, jumlisha 10.7, unapata 109.0. Sasa mitambo ya ndege ya kuongozea njia, VOR (redio ya ardhini inayompa rubani uelekeo) na ile ya kutua uwanjani, iko 108 mpaka karibu 118. Umeona? Abiria anasikiliza taarabu kiti cha 20, sindano ya rubani inacheza mdundiko kule mbele. Ndo maana vifaa vikapigwa marufuku, na mpaka leo kanuni za nchi nyingi zinamwachia mwenye ndege aamue kifaa kipi ruksa na kipi hapana. Marekani walilegeza Oktoba 2013, simu na tableti zikaruhusiwa kuanzia mlangoni hadi mlangoni zikiwa flaiti modi, na Ulaya wakafuata mwaka huo huo. Lakini ni kampuni inapima ndege zake ndo inaruhusu. Mhudumu ana orodha yake, simu na tableti anazijua, hilo dude lako lenye antena kama kidole gumba hakuliona kwenye orodha. Kwa hiyo kukuzimisha ana haki. Kwa rimoti hapo sijui.

---

Mpima_Mipaka

Fundi nakuheshimu, na hiyo ya FM sikuwa naijua, asante. Lakini simu ya yule kijana wa mbele ina GPS ndani!! Ile ile! Setilaiti zile zile ziko juu kilomita elfu 20 na ushee, zinaongea na simu yake na zinaongea na changu, tofauti yake cha kwake kina kioo kizuri na changu kina vibonye. Vibonye ndo vimeniponza. Kingekuwa hakina vibonye kisingeitwa rimoti.

---

Fundi wa Hanga

Hapo umesema kweli, sina ubishi. Nikuongezee na hasira: ile kanuni ya Marekani, 91.21, ina vifaa vichache vilivyotajwa kabisa kwamba havina shida kutumia. Kinasa sauti, kifaa cha kusaidia kusikia, kifaa cha moyo, na mashine ya umeme ya kunyolea ndevu.

---

Mpima_Mipaka

MASHINE YA KUNYOA???

Yaani ningetoa mashine pale nikanyoa ndevu zikamwagikia jirani mpaka Mwanza, sawa. Kuangalia niko wapi ndani ya nchi yangu mwenyewe, rimoti ya king'amuzi. Naomba mtu anishike.

---

Mzee wa Chai

Hii chai haina hata majani. Umesema kapteni katangaza futi 36,000. Hebu tuambie rimoti yako ilikuwa inasoma ngapi? Mi niliwahi kukaa na jamaa mwenye kidude kama hicho, kapteni anasema 36, kidude kinasema 37 na mia kadhaa huko. Kifaa kinapingana na kapteni halafu unalalamika kuzimwa?

---

Mpima_Mipaka

Yangu ilisoma 37,400 na WOTE WAWILI WAKO SAHIHI. Kipimo cha ndege hakipimi urefu, kinapima mgandamizo wa hewa halafu kinageuza kuwa futi kwa jedwali moja la dunia nzima. Huku kwetu hewa ina joto, imetanuka kama chapati iliyoiva, kwa hiyo mgandamizo wa "futi 36,000" unaukuta juu zaidi. GPS inapima kwa setilaiti, inakupa urefu wa kweli. Ndege zote zinatumia jedwali moja kwa hiyo hazigongani, hakuna tatizo. Na ukibeba saa au kifaa chenye kipimo cha mgandamizo ndani ya kabini kitakuambia uko futi 6,000 au 7,000 hivi kwa sababu hewa ya kabini imejazwa. Kuna jamaa alishawahi kupiga kelele karibu yangu kwamba tunaanguka, kaangalia saa yake. Nikamtuliza mimi, na GPS yangu hii hii. Siku ile hakuna aliyeiita rimoti!

---

Kiti_cha_Nyuma

"Hewa imetanuka kama chapati" 🤣🤣 Mzee Rimoti wewe ni hatari. Shule yote hiyo ungempa dada mdomoni badala ya kuja kutupa sisi.

---

Mpima_Mipaka

Usiniite hivyo.

---

Nyasaka Juu

Mkuu dawa ni ndogo. Shusha ramani kwenye simu kabla hujatoka nyumbani, weka flaiti modi, egesha kwenye dirisha, tulia. Spidi unaiona, urefu unauona, mstari unaweka. Nafanya hivyo kila mwezi, hata akisimama hapo anaona kijana anachezea simu tu.

---

Mpima_Mipaka

Najua inawezekana. Lakini kwa nini mi nijifiche? Siibi kitu. Natazama njia tunayopita. Mtu akipanda daladala akaangalia nje kujua kama Mabatini imepita anaambiwa afumbe macho? Na simu haina kumbukumbu ya mistari yangu ya miaka sita.

---

Konda Mstaafu

Umegusa daladala nimekuja mbio. Ninyi wa ndege mna nafuu, mnaambiwa mzime kwa microfoni na juisi mnapewa. Mimi nilipanda basi la Dar–Mwanza, nikawasha programu ya spidi kwenye simu, basi linatakiwa mwisho 80, naona 104, 108, 111. Nikamwonyesha konda kwa adabu kabisa. Akaniuliza "wewe ni trafiki?" Nikasema hapana. Akasema basi shuka ukapande gari la wenye spidi yako. SINGIDA USIKU. Abiria badala ya kunitetea wanasema "dereva twende huyu anatuchelewesha".

---

Mama Vitenge

Hata mimi! Tena na VTS, kile kifaa cha serikali cha kufuatilia mabasi, imefungwa inalia tiii tiii tiii njia nzima, dereva kaongeza muziki ili asiisikie. Yaani GPS ya serikali inalia na GPS ya abiria inalia na dereva anaimba.

---

Kiti_cha_Nyuma

Ukiisikia inalia tiii ujue ni rimoti ya king'amuzi imepotea kwenye siti.

---

Binti wa Kirumba

Mi kero yangu ya ndege ni moja tu, watu kusimama magurudumu yakigusa ardhi. Ndege bado inakimbia, mtu kashafungua kabati la juu, begi limemwangukia mwenzie. Na wale wahudumu wakali kwa GPS hapo hutawasikia.

---

Mpima_Mipaka

EWAAA! Leo wamesimama hivyo hivyo tuko bado barabarani, mmoja anaongea na simu "nimefika nimefika", na yule dada amekaa kimya kabisa kajifunga mkanda wake anawatazama. Kwangu mimi nimekaa, nimejifunga mkanda, sijamgusa mtu, ndo akapata sauti. Wakuu turudi kwenye mada, kuna mtu anajua napeleka wapi malalamiko ya maandishi? Sitaki fidia. Nataka aniambie tu kwamba ile sio rimoti.

---

Mama Vitenge

Hao wa kusimama nawavumilia wote, ila sio mwenye dagaa. Nani aliwaruhusu watu kuingia na dagaa ndani kabini? Juzi kutoka Mwanza kuna baba kaweka mfuko juu ya kichwa changu, saa nzima na nusu nanuka mwalo wa Kirumba, nimefika Dar mume ananiuliza ulikuwa kikazi au ulikuwa unavua.

---

Nyasaka Juu

Dagaa wa kukaanga au wa kuanika? Maana wa kukaanga akifungwa vizuri hanuki. Msituonee sisi wa Mwanza.

---

Mama Vitenge

Wa kuanika!! Na mfuko una tundu!!

---

Mzee wa Chai

Hapo ndo kosa. Wa kuanika unaweka kwenye ndoo yenye mfuniko, unazungushia selotepu, unaipeleka kwenye mizigo ya chini. Juu unabeba wa kukaanga tu.

---

Mpima_Mipaka

Jamani mada ni GPS.

---

Konda Mstaafu

Ndoo ya wale wa kukaanga sasa hivi bei gani hapo Kirumba? Kuna mtu anashuka wiki ijayo nataka nimwagize.

---

Binti wa Kirumba

Wiki ijayo usiagize, mwezi utakuwa mpevu, wavuvi hawaingii ziwani maana taa zao hazivuti dagaa kukiwa na mbalamwezi, bei inapaa. Subiri giza lirudi. Nitafute pembeni nikuunganishe na mama mmoja anakaanga vizuri, dagaa wake hana mchanga.

---

Kiti_cha_Nyuma

Na mimi niunganishe dada. Ndoo mbili.