Kifungua mimba kaanza shule, mdogo wake anamlilia

Mama Wawili:
Jamani, binti yangu wa miaka 5 kaanza shule Jumatatu. Alivaa viatu mwenyewe, cha kushoto kulia, akakataa katakata nimrekebishie. Getini akaniachia mkono, hakugeuka. Nilifurahi hadi machozi. Sasa mdogo wake wa miaka 2 anashinda mlangoni akimwita. Nimfanyeje?

Bibi wa Watatu:
Hongera, mwanangu. Mpe naye kijimkoba, umtilie hata kitabu kimoja. Wangu alizunguka nacho nyumba nzima, "naenda sule". Utamu ulioje!

Mama Pacha:
Umri huo hajui saa, dada. Mwambie, "Tutakula, utalala, ukiamka tunamfuata." Hilo analielewa. Na kweli mwende wote kumchukua, usimdanganye.

Mama Wawili:
Asanteni sana. Leo nimekwenda naye. Dada mtu kaja mbio, akafungua daftari: duara, macho mawili, miguu imetokea kidevuni. "Huyu wewe!" Mdogo mtu akaibusu ile picha, ukurasa ukalowa mate. Sasa hivi amelala kaikumbatia, nami nimekaa tu nawatazama.