Kupanda Muyenga na mayai: nibadili gia ya mbele au friwili?

Mchuuzi wa Kansanga
Wakubwa, shikamooni. Baiskeli yangu ya umeme mota iko kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, wati 250, tairi inchi 26. Mbele meno 44, nyuma friwili (ile seti ya meno ya gurudumu la nyuma) ya gia saba, kubwa yake meno 28. Ggaba Road naenda raha mustarehe. Nikigeuka kupanda Tank Hill, kile kilima cha Muyenga hapa Kampala, na trei za mayai, mota inaguna, pedali inakuwa nzito kama jiwe, na nikifika juu habu haigusiki kwa moto. Mmoja ananiambia friwili ya meno 34, mwingine gia ndogo ya mbele, wa tatu niuze nitafute yenye mota katikati, pale kwenye pedali. Nimsikilize nani?

Fundi Spoku
Ssebo (bwana), mota ya habu haivuti kupitia cheni. Badilisha gia mara kumi, yenyewe haina habari. Unaousaidia ni mguu. Ila mguu ukipata nafuu mwendo hauanguki, na hapo mota inapona, kwa sababu ikilazimishwa kuvuta huku inazunguka polepole, umeme mwingi unaishia kuwa joto.

Sasa piga hesabu, gawanya meno ya mbele kwa ya nyuma: 44 kwa 34 ni 1.29. 36 kwa 28 ni 1.29 vilevile! Kwa hiyo wanaokushauri wanabishania kitu kimoja. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, leo gia yako nyepesi inataka kilomita 12 kwa saa hivi. Ukifanya mojawapo, inashuka kama 10. Ukifanya yote mawili, 8.

Mama Trei
Mimi pale nashuka nasukuma. Hakuna yai lililowahi kulalamika.

Mkiga wa Kabale
Huku kwetu milimani bila mota ya katikati utalia. Ile nguvu yake inapita kwenye cheni, kwa hiyo ukiweka gia nyepesi na mota inapata wepesi. Lakini inakula cheni na meno vibaya sana. Na usibadili gia huku mota inavuta: achia aksileta, gia ikae, ndipo uvute. Yangu ilikatika katikati ya mlima, mzigo wa viazi mgongoni.

Fundi Spoku
Kweli, ila kwa mayai ya Muyenga ni gharama ya bure. Mchuuzi, mimi ningeanza mbele. Friwili ya 34 inataka cheni ndefu zaidi, na kile kijimkono cha kuhamisha cheni huenda kisiifikie. Halafu kuifungua: waya wa mota unatokea kwenye ekseli, funguo ya kawaida haiingii. Angalia tu sproketi yako ya mbele imefungwa kwa bolti au ribiti. Kama ni ribiti, utanunua na mikono ya pedali.

Mchuuzi wa Kansanga
Ilikuwa ribiti, bila shaka! Nimepata seti nzima ya meno 36, fundi akapunguza pingili za cheni. Leo nimepanda nimekaa, sikusimama kwenye pedali hata mara moja. Juu nikaweka kiganja kwenye habu: ina joto, lakini unaweza kuhesabu hadi kumi. Tambarare miguu inazunguka kama cherehani, hilo sijalizoea. Fundi, ile funguo ya ekseli unayo? Nyuma nayo inaniita.

Mama Trei
Na mayai?

Mchuuzi wa Kansanga
Mawili, mama. Yalivunjika kwenye kushuka.