Mlango wa babu, picha za simu tatu: COLMAP, Meshroom au Metashape?

mtoto_wa_Malindi
Assalaam alaikum. Mchwa wameshaingia kwenye mwimo wa mlango wa nakshi wa babu, Mji Mkongwe. Nataka modeli ya pande tatu kabla haujakwisha. Nina picha 180 za simu tatu, na simu moja ishauzwa, lenzi yake haipimiki tena. Kati ya programu hizi tatu za kugeuza picha kuwa modeli, ipi itanifaa?

fundi_ramani
Waalaikum salaam. Kupima lenzi si lazima. Zote tatu hutafuta nukta zinazofanana baina ya picha, kisha hukokotoa kwa pamoja pahala ulipopigia kila picha na fokasi ya lenzi, yaani kipimo cha lenzi inavyokuza. COLMAP ni bure. Picha isiyo na taarifa za lenzi huianzishia fokasi ya mara 1.2 ya upande wake mrefu kwa pikseli, halafu huirekebisha. Kila simu ipe folda yake. Meshroom ni bure pia, na nyepesi kujifunza. Ila zote mbili zinataka kadi ya michoro ya NVIDIA ili upate uso kamili wa modeli.

bint_wete
Mie natumia Metashape kwenye kompyuta isiyo na kadi hiyo. Ni ya kulipia, lakini siku 30 za majaribio zinatosha mlango mmoja. Picha zilipitia WhatsApp? Huko taarifa za lenzi hufutwa na nakshi ndogo hufifia.

mtoto_wa_Malindi
Za simu iliyouzwa, ndiyo. Na ndizo pekee zinazoonesha kizingiti kikiwa kizima.

fundi_ramani
Basi usizitupe. Jenga kwanza kwa picha mpya, kisha ongeza hizo. Zitashika kwenye nukta zilizokwishapatikana.

Kinachonitia wasiwasi kuliko programu ni kuwa mlango ni bapa. Ukipiga zote kwa mbele tu, hesabu haitenganishi fokasi na umbali, na modeli hutoka imebonyea kama sinia. Piga kwa mshazari, kulia na kushoto, mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, uonekane ulivyotokeza, baraza na ukuta viingie. Usisimame pahala pamoja ukageuza simu, tembea. Zumu usiiguse kabisa.

jirani_Pujini
Na fimbo ya mita moja isimamishe kando ya mlango. Picha peke yake haijui kama mlango una mita tatu au sentimita tatu. Magofu ya huku kwetu niliyapiga bila fimbo, ikabidi nirudi.

mtoto_wa_Malindi
Ahsanteni sana. Kompyuta yangu haina NVIDIA, naanza na Metashape. Kesho baada ya alfajiri, kukipambazuka, nipo mlangoni na fimbo, kabla jua halijaingia kichochoroni.