Walijenga samaki wa chupa ufukweni kwetu wakasepa. Nani anakuja kumwondoa?

Wakuu, salaam. Kabla hamjaniambia nina wivu wa maendeleo, someni mpaka mwisho. Naandika kwa simu na nina hasira, makosa ya herufi mtanisamehe.

Huku kwetu pwani ya kusini mwa Dar, mwishoni mwa Mei walikuja jamaa na malori mawili. Wakasema wanajenga sanamu ya samaki, kimo cha ghorofa mbili, yote kwa chupa za plastiki, kwa ajili ya Siku ya Mazingira tarehe 5 Juni. Lengo eti tuelimike kwamba plastiki inaua bahari. Sisi ambao kila tukivuta wavu tunatoa chupa kwanza ndipo tuone dagaa!

Waokota makopo walichangamka, viroba vikanunuliwa kwa bei nzuri, hapo sina neno. Tatizo ni kwamba siku mbili kabla ya mgeni rasmi kuja, tumbo la samaki lilikuwa bado wazi. Mnajua walifanya nini? Zikaja katoni za maji ya kunywa, mapya kabisa. Vijana wakapewa kazi ya kufungua chupa na kumwaga maji mchangani ili wapate chupa tupu. Mtaa huu maji tunanunua kwa ndoo. Akina mama walitoka mbio na madumu kukinga, wakaambiwa wasogee, wanaharibu picha. Hiyo niliiona kwa macho yangu, sikuhadithiwa.

Chupa peke yake hazisimami. Chini waliweka zege na nondo, ndani wakajaza yale maboya meupe mepesi ambayo TV mpya huja nayo kwenye boksi, juu wakapiga rangi ya mafuta. Na lori lilikuwa linapita juu ya mchanga kwenda na kurudi, sehemu ileile ambayo kasa hupanda kutaga. Mayai ya kasa hukaa chini ya mchanga karibu miezi miwili. Hata kama tairi halikuyavunja, mchanga ukishindiliwa kile kitoto kitatokea wapi?

Halafu taa. Wakamulika samaki wao usiku kucha kwa jenereta, bluu na kijani. Mtoto wa kasa akitoka shimoni hufuata mwanga, na kwa asili mwanga ni ule wa bahari. Ukiwasha taa nchi kavu anageuka, anakwenda kufia kwenye majani au kuliwa na kunguru asubuhi. Watoto wangu wawili waliokota saba karibu na jenereta, watatu wakiwa hai. Wa sanaa ya mazingira hao!

Kuna mzee wetu mmoja, nahodha mstaafu, aliwaambia mapema: "Wanangu, huyo samaki wenu mmemgeuzia kusi ubavu." Wakacheka. Juni, jamani. Nani asiyejua kusi la Juni? Haikupita wiki mbili, bamvua likaja na upepo wake, samaki akalala chali. Chupa zikarudi baharini zilikotoka, safari hii na marafiki zake wapya. Yale maboya meupe yamevunjika punje punje, yamejaa kwenye mikoko kama mchele uliomwagika. Huwezi kuokota. Nimejaribu na chekecheo la mchanga, nikaacha.

Sasa nawajua, kuna atakayesema sanaa kubwa ndivyo ilivyo, tusiwe washamba. Hapana mkuu. Msanii Christo na mkewe Jeanne-Claude mwaka 1983 walizungushia visiwa 11 vya Miami, Marekani, kitambaa cha rangi ya waridi. Kabla ya kutandika waliita wataalamu wa ndege na wa viumbe vya bahari, na watu wao wakazoa takataka kama tani 40 kwenye visiwa hivyo. Wiki mbili, wakakunja chao. Huyohuyo Christo alipotaka kutundika vitambaa juu ya mto Arkansas kule Colorado, karibu kilomita 9.5 kwa jumla, serikali ya Marekani ilimfanyia tathmini kamili ya athari kwa mazingira, kama vile anajenga bwawa la umeme. Walihesabiwa mpaka kondoo mwitu wa milimani. Kibali cha serikali kilitoka 2011, wananchi wakaenda mahakamani, na mwaka 2017 akaacha mwenyewe kwa sababu zake za kisiasa. Kitambaa cha wiki mbili hicho!

Hata msanii Olafur Eliasson aliyebeba barafu kutoka Greenland kwenda kuiyeyusha Paris mwaka 2015, vipande 12, kitu ambacho mimi binafsi naona ni kituko, angalau walipiga hesabu ya hewa ya ukaa ya safari nzima, tani 30, wakaitangaza. Hawa wa kwetu ukiwauliza jenereta ilikunywa lita ngapi wanakutazama kama umewatukana.

Na sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Nimepima kwa hatua, zege lao liko kama mita 20 kutoka maji yanapojaa. Dada yetu wa chipsi aliondolewa hapohapo mwaka jana na meza yake ya mbao. Zege la samaki limepitaje? Nimepiga namba iliyokuwa kwenye bango lao, wa kwanza akasema mradi umefungwa, wa pili akasema ripoti imeshapelekwa kwa wafadhili. Ripoti ina picha ya samaki akiwa amesimama, bila shaka.

Sitaki fidia wala semina. Nataka watoe zege lao, maana nondo zimebaki wazi na maji yakijaa hazionekani. Juzi ngalawa imetoboka, na kijana mmoja ana nyuzi mguuni.

Jumamosi maji yanakupwa asubuhi, tunakwenda kuzikata wenyewe. Tuna nyundo na msumeno, hatuna grinda. Mwenye grinda na jenereta ndogo anicheki pembeni, mafuta tutachanga.